Wazazi wa shule ya Kanisa: wapangeni kwa mitaa, si kwa madarasa

Shule nyingi za Kikatoliki za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Ilula mpaka Tukuyu, zina kamati ya wazazi kwenye karatasi. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wawakilishi wawili wa kila darasa waliochaguliwa Januari, siku ambayo nusu ya wazazi walikuwa wameshakimbilia stendi kuwahi basi. Ikifika Machi, wawakilishi hao hawana hata namba za simu za wanaowawakilisha. Ikifika Juni, shule ikiwa na jambo inarudia njia yake ya zamani: barua anapewa mtoto, ndani kuna kiasi cha fedha na tarehe ya mwisho. Mzazi naye anazoea kwamba akiitwa, kinachoitwa ni mfuko wake.

Watu wenyewe hawana neno. Mpangilio ndio mbovu. Wazazi wa Kidato cha Kwanza hawana kinachowaunganisha zaidi ya umri wa watoto. Mmoja yuko Kyela, mwingine Chunya, wa tatu Makambako. Mwenye watoto watatu shuleni anaingia kwenye makundi matatu ya simu yanayorudia tangazo lilelile. Lakini wazazi wa Uyole wanakutana sokoni, kwenye daladala na misibani, hata kama mtoto wa huyu yuko Kidato cha Pili na wa yule yuko cha Nne. Kanisa lenyewe lililiona hilo zamani. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, wakijenga juu ya watu wanaoishi pamoja. Ajabu ni kwamba parokia inaishi kwa jumuiya, na shule iliyo uani mwa parokia hiyohiyo inawapanga wazazi kama mistari ya paredi.

Kabla ya kupanga lolote, semeni wazi shule ni ya nani. Ugomvi mwingi kati ya kamati na uongozi huanzia hapo. Kwa kanuni ya 803 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, shule ni ya Kikatoliki pale inapoongozwa na mamlaka ya Kanisa au kutambuliwa nayo kwa maandishi. Mmiliki ni jimbo, parokia au shirika la watawa. Kamati ya wazazi haiajiri walimu, haifukuzi mkuu wa shule, haiuzi kiwanja. Lakini kanuni ya 796 inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na wawasikilize kwa moyo, na inataka vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuthaminiwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 28 Oktoba 1965 kuhusu malezi ya Kikristo, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kwa hiyo mzazi ana sauti, na sauti hiyo si hisani ya Sista mkuu wa shule. Asichokuwa nacho ni muhuri. Andikeni mambo haya mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba ya kamati, na mwenyekiti ayasome kila anapochaguliwa mpya. Kwa shule za misheni zilizotaifishwa kuanzia mwaka 1969 na zikabaki serikalini, habari ni nyingine: huko kuna kamati au bodi kwa mujibu wa sheria ya elimu, hata kama kengele bado ni ile ya mapadre.

Sasa makundi. Shule ya wanafunzi 300 huwa na familia kama 220, kwa sababu ya ndugu wanaosoma pamoja. Gawa kwa 15, utapata makundi kumi na manne au kumi na matano. Chini ya familia kumi kundi linakufa likiuguliwa na watu wawili. Zaidi ya ishirini hakuna anayemjua mwenzake. Mjini kata moja inaweza kutoa makundi mawili. Vijijini unganisha kwa barabara, si kwa mipaka ya wilaya: wazazi wa Mbalizi na wale wa vijiji vya njia ileile wanapanda magari yaleyale.

Ugumu wa kwanza ni rejista. Kwenye fomu nyingi makazi yameandikwa "S.L.P. Mbeya", basi. Hilo halimwambii mtu chochote. Andaeni karatasi moja ya kujazwa siku ya kufungua shule: kata, mtaa au kijiji, alama iliyo karibu (kanisa, msikiti, mashine ya kusaga), na namba mbili za simu. Halafu weka safu mbili tofauti, mlipaji na mlezi. Safu hizi zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana. Mara nyingi namba iliyoko ofisini ni ya mjomba aliyeko Dar es Salaam anayelipa ada, wakati anayeishi na mtoto likizo ni bibi aliyeko Ipogolo. Tangazo la kikao linamfikia mjomba, na bibi hasikii kitu. Bibi ndiye mtu wa kundi. Mjomba abaki kwa mhasibu.

Kiongozi wa kundi apewe kazi chache. Afikishe ujumbe kwa kila familia ndani ya siku moja, na kwa wasio na simu janja atume ujumbe wa kawaida au apite. Ajue watoto wa eneo lake wanasafiri vipi siku ya kufungua na kufunga, nani anawasindikiza na nani anawapokea stendi. Apeleke shuleni habari ya msiba au ugonjwa nyumbani kabla mtoto hajaisikia kutoka kwa mwenzake bwenini. Kukusanya mahindi nitaeleza chini. Kuna jambo moja ambalo asiliguse kabisa, nalo ni ada. Asipokee hata shilingi elfu kumi ya "niwekee, nitamalizia kesho". Ada inaenda benki au kwa namba ya malipo, na risiti inarudi kwa mhasibu. Vilevile asipewe orodha ya wadaiwa. Kikao kinachosomewa majina ya wadaiwa hadharani hakina kikao cha pili. Waliosomwa hawarudi, na ambao hawajasomwa wanahofia zamu yao.

Kuhusu ada yenyewe, shule ziangalie kalenda ya mashamba. Ada kubwa inadaiwa Januari, mwezi ambao mkulima amemaliza fedha kwenye mbegu na mbolea na mahindi yako mguuni. Mpunga wa Kyela na kahawa ya Mbozi vinaleta fedha katikati ya mwaka na kuendelea. Mwenye chai Mufindi analipwa majani yake kwa mwezi. Kulazimisha awamu zilezile kwa wote ni kujitafutia madeni ya Februari na mtoto anayerudishwa nyumbani kwa nauli ambayo ingetosha kupunguza deni. Mhasibu akae na mzazi Novemba, waandikiane: Januari kiasi hiki, Julai kiasi hiki, Septemba kumalizia. Karatasi isainiwe na wote wawili. Mzazi akivunja makubaliano aliyoyapanga mwenyewe, hapo shule ina haki ya kukunja uso.

Mahindi

Shule nyingi za bweni hupokea mahindi na maharage kama sehemu ya mchango wa chakula. Ni utaratibu mzuri unaoharibiwa na vipimo. Tupige hesabu. Mwanafunzi wa sekondari anakula ugali wa kama robo kilo ya unga kwa mlo. Wanafunzi 300 ni kilo 75 kwa mlo mmoja. Kwa mlo mmoja wa ugali kila siku kwa siku 100 za muhula, kilo 7,500 za unga. Ukikoboa, karibu robo ya uzito wa mahindi inabaki mashineni kama pumba, hivyo unahitaji kama kilo 10,000 za mahindi, yaani gunia 100 za kilo mia. Kwa mtoto mmoja ni kilo 33, karibu debe mbili, kwa kuwa debe la mahindi makavu lina kilo 17 au 18. Mkila dona, debe moja na nusu inatosha. Maharage makavu, gramu 100 kwa mlo, yanafika kilo 10 kwa mtoto kwa muhula, takribani nusu debe.

Mchango huu upangwe kwa kilo, usipangwe kwa shilingi. Mkianza kugeuza mahindi kuwa fedha, bei ya Julai wakati wa mavuno na bei ya Januari hazifanani hata kidogo, na kila mzazi atakuja na bei ya mnada aliokwenda yeye. Kilo 35 ni kilo 35. Na ni kilo za mzani. Debe la mtu mmoja lina kichwa, la mwingine limebonyea upande; lumbesa ndiyo usiseme.

Linaloharibu ghala ni unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13 hivi. Njombe, Makete na Mufindi ukungu wa Juni na Julai haukaushi kitu kwa haraka, na mzazi mwenye haraka ataleta mahindi yaliyokauka juu tu. Gunia moja bichi katikati ya mengine hamsini linapata joto, linaota ukungu, na huo ukungu unaweza kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kama shule haina kipima unyevu, tumieni chumvi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi ni mabichi. Ikiteremka yote chini, yapokee. Makosa ni mawili: chumvi yenyewe ina unyevu (ikaange kidogo kwanza na uiache ipoe), au sampuli imechotwa juu ya gunia tu. Choma gunia kwa bambo, juu, katikati na chini.

Siku ya kupokea wawepo wazazi wawili wa zamu kutoka makundi tofauti pamoja na mtunza ghala. Daftari liwe na jina la mtoto, kundi, kilo, jibu la chumvi, saini mbili. Mzazi apewe kipande cha karatasi. Mahindi mabichi yasirudishwe nyumbani kwa aibu. Kiongozi wa kundi atafute turubai, yaanikwe palepale, yapimwe upya baada ya siku mbili tatu. Uzito utapungua na mzazi aelezwe mapema kwamba atajazia. Ghalani magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Mnaoweza, tumieni mifuko isiyopitisha hewa kwa yale ya kukaa mpaka Desemba. Dumuzi hawezi kuishi humo, mradi mfuko haujatobolewa na panya.

Kuni nazo zilikuwa mchango wa kawaida wa wazazi, hasa upande wa Mufindi wenye miti. Kwa kuwa serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, msiwaambie tena wazazi walete mizigo ya kuni. Mchango huo ugeuzwe uwe wa kununulia gesi au mkaa mbadala, na ujadiliwe kikaoni kabla haujaingia kwenye fomu.

Siku ya wazazi

Hii ndiyo siku pekee ambayo wazazi wote wako ndani ya uzio, na shule nyingi huipoteza kwa ratiba. Kikao kikiwekwa mchana baada ya watu kukutana na watoto wao, ukumbi utakuwa na watu ishirini na mwenyekiti. Ratiba inayofanya kazi ni hii: Misa saa 2:00 asubuhi, kikao saa 3:30 hadi 5:00 na si zaidi, kisha mzazi anaonana na mwalimu wa darasa kuangalia matokeo akiwa na mtoto wake, halafu chakula, na saa 10:00 geti linafungwa ili wa mbali wawahi magari. Ikiwa Jumapili haiwezekani kwa sababu wazazi wana Misa na ibada kwao, chukueni Jumamosi. Epukeni wiki za kupanda, mvua za kwanza zinaposhika mwishoni mwa Novemba; hapo hata umwite nani, haji.

Ajenda zisizidi nne, na taarifa ya mapato na matumizi iwe ya pili, kabla watu hawajachoka. Ibandikwe pia kwenye ubao wa matangazo. Fedha za kamati zikae kwenye akaunti yake yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa; zisikae kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mtu wa Mungu kiasi gani. Na kwenye harambee, ahadi si fedha. Andikeni safu mbili, taslimu na ahadi, na fundi aitwe kwa iliyo taslimu tu.

Chakula kina mambo yake. Pilau na kuku waliopikwa usiku Kyela, wakafungwa moto kwenye ndoo na kusafirishwa kwa muda wa saa tatu, wanafika wakiwa wameanza kuchacha, na Jumatatu zahanati ya shule inajaa. Semeni mapema: chakula cha safari kiwe kikavu, mfano chapati, viazi vya kuchemsha, ndizi, karanga, parachichi, vya mchuzi vipikwe shuleni. Makundi yachangie sufuria moja kila mawili. Tena, jikoni pasiachiwe akina mama peke yao eti kwa kuwa ndio WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania). Hao wameshabeba parokia nzima. Akina baba wanajua kugawa wali na kubeba maji.

Mtoto asiyetembelewa ndiye kipimo cha siku hiyo. Wapo kila mara, kwa sababu ya umbali, nauli, ugonjwa, au uyatima. Matroni na patroni waandae orodha wiki moja kabla, kwa siri, na kila kundi lipewe watoto wa eneo lake, mmoja kwa familia moja. Usimwache mtoto akae na "kundi" kwa ujumla. Hapo anakuwa mgeni wa watu wote na hana wa kumuuliza habari za masomo. Mwambieni mtoto usiku wa kuamkia siku hiyo: kesho utakuwa na mama yake fulani. Familia inayompokea isimpe fedha mkononi na isipige picha ya kurusha kwenye makundi. Na hapa ulinzi usilegee: hakuna mtoto anayetoka nje ya geti na mtu ambaye jina lake halipo kwenye fomu ya wanaoruhusiwa kumchukua, hata akija na salamu za Baba Paroko. Fomu iwe na majina mawili na namba zao, na mlinzi apige simu mbele ya mhusika.

Misa, na wasio Wakatoliki

Nyanda za Juu Kusini si za dhehebu moja. Rungwe ina Wamoraviani wengi, Njombe na Makete ina Walutheri na Waanglikana, miji yote ina Wapentekoste na Waislamu, na watoto wao wako kwenye shule zetu. Kamati isiyolijua hili inajikuta imekuwa tawi la parokia. "Tumsifu Yesu Kristo" inafungua kikao vizuri. Iongezeeni "Bwana asifiwe" na "Asalaam aleikum", hakuna kinachopungua. Viongozi wa makundi wachaguliwe kwa kuaminiwa mtaani, wala wasidaiwe barua ya jumuiya. Kwenye Misa ya shule padre aeleze kwa upole kabla ya Komunyo nani anapokea, ili mzazi Mlutheri asijikute kwenye mstari akirudishwa. Wanaweza kuimba na kuleta matoleo, na wengi wanapenda. Masomo wapeni wazazi Wakatoliki, na mpeni msomaji karatasi wiki moja kabla; kumkabidhi somo la Mtume Paulo mlangoni mwa kanisa ni kumtesa yeye na sisi tunaosikiliza.

Sadaka ya Misa na mchango wa shule visikutane kwenye kapu moja. Sadaka ina utaratibu wake parokiani. Mahindi, sabuni na maharage yanayoletwa altareni kwa ajili ya bweni yapimwe na kuandikwa kabla ya Misa, kisha yaende ghalani moja kwa moja. Bila hivyo, wiki inayofuata utasikia gunia tatu zimepotea kati ya sakristia na jiko, na hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote.

Sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake, nayo ipangwe kwa jicho la kalenda. Mashahidi wa Uganda, 3 Juni, huwakuta wakulima wengi wakivuna. Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, daima huwa ndani ya Kwaresima. Ni sherehe kuu, na ikiangukia Ijumaa kanuni ya 1251 inaondoa amri ya kutokula nyama, lakini bado muziki wa disko siku hiyo unawakwaza wengi. Shule yenye somo huyo inaweza kuhamishia shamrashamra 1 Mei, Yosefu Mfanyakazi, siku ambayo ni mapumziko ya kitaifa na walioajiriwa wako huru.

Malalamiko yafuate ngazi: mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi au taaluma, mkuu wa shule, meneja, na mwisho ofisi ya elimu ya jimbo. Kundi la simu si ngazi. Liwe la matangazo, viongozi wawili tu ndio waandike, na mwenye swali ampigie kiongozi wa kundi lake. Jina la mwalimu au la mtoto likitajwa humo kwa ubaya, ujumbe ufutwe siku hiyohiyo na mwandishi apigiwe simu.

Uchaguzi wa viongozi wa makundi ufanyike Septemba au Oktoba, siku ya mahafali ya Kidato cha Nne, usisubiri Januari. Wazazi wa wahitimu, ambao mara nyingi ndio walioshika madaftari, bado wapo. Mitihani ikiisha Novemba, hutawaona tena. Anayeondoka amkabidhi anayeingia daftari la namba, la mahindi na la wageni wa watoto mbele ya mwenyekiti, wasaini wote watatu, na nakala ya ukurasa wa namba ibaki kwa matroni.